Chule ya stroberi: jinsi ya kupima mazingira yanayoikuza na ukali wa ugonjwa

Doa la kwanza la chule kwenye tunda la stroberi huwa dogo kama kichwa cha pini. Rangi yake ni kahawia iliyokolea, na limebonyea kidogo kana kwamba mtu amelibonyeza kwa ncha ya kalamu. Siku chache za joto zikipita limekuwa duara jeusi la milimita kumi hivi, na asubuhi yenye unyevu utakuta juu yake utelezi wa rangi ya chungwa. Utelezi huo ni spora, yaani mbegu ndogo sana za kuvu, nyingi kupita hesabu, zinasubiri tone la maji lizirushe. Ukifikia kuuona, ujue maambukizi yenyewe yalitokea siku kadhaa nyuma, usiku ambao majani yalilala yamelowa na hakuna aliyeandika chochote.

Ndiyo maana mwongozo huu unahusu kuandika na kuhesabu zaidi kuliko kunyunyizia dawa. Ni wa mkulima anayetaka kujua kwa nini tuta moja limeungua na la jirani limepona, wa afisa ugani anayetafutwa ushauri, na wa mwanafunzi anayeandaa jaribio lake la kwanza la magonjwa ya mimea. Majaribio mengi hupima joto kwa uangalifu mkubwa kisha yakasahau maji. Kwa chule, saa ambazo mmea unakaa umelowa ndizo zinazoamua kama joto hilo lina maana yoyote.

Kabla ya hatua zenyewe, neno kuhusu majina. Chule ya stroberi husababishwa na kuvu za jenasi Colletotrichum. Mwaka 1931 A. N. Brooks alieleza kutoka Florida, Marekani, kuvu aliyoiita Colletotrichum fragariae. Mwaka 1965 J. H. Simmonds wa Australia akaeleza C. acutatum, jina ambalo lilitawala maandishi ya chule ya matunda kwa miongo kadhaa. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha baadaye kwamba C. acutatum ni kundi la spishi nyingi zinazofanana, na katika stroberi moja inayoonekana sana ni C. nymphaeae. Kundi la pili ni la C. gloeosporioides, linalojulikana zaidi kwa kuozesha kitako cha mmea, yaani lile shina fupi lililo kati ya mizizi na majani. Kwa kazi ya shambani inatosha kujua uko kwenye kundi lipi: la acutatum, linalopenda matunda, maua, vikonyo na mizizi ya miche michanga, au la gloeosporioides, linaloua mmea kutokea kitakoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni chule

Ugonjwa wa kwanza wa kulinganisha nao ni ukungu wa kijivu, unaoletwa na Botrytis cinerea. Tunda lenye ukungu wa kijivu hulainika, mara nyingi kuanzia upande wa kikonyo, kisha huota manyoya ya kijivu yanayotoa vumbi ukiligusa. Doa la chule ni gumu, lina mpaka unaoonekana, limebonyea, na halioti manyoya marefu. Mazingira pia hutoa ushahidi: ukungu wa kijivu hustawi kwenye ubaridi wa wastani, karibu nyuzi joto 20 za Selsiasi, ilhali chule hukimbia zaidi kati ya 25 na 30.

Kwenye vikonyo vya majani na kwenye marando yanayotambaa, tafuta madoa marefu, meusi, yaliyozama. Doa likizunguka rando lote, mche ulio mbele yake hunyauka hata kama wenyewe ni mzima.

Mmea ukinyauka ghafla, ung'oe, uoshe, upasue kitako kwa kisu kikali kutoka juu hadi chini. Kitako chenye chule kina rangi ya kahawia nyekundu iliyochanganyika na michirizi myeupe, kama nyama yenye mafuta. Usiishie hapo. Kimelea kiitwacho Phytophthora cactorum nacho huozesha kitako, na kuvu iitwayo Macrophomina phaseolina hukigeuza rangi kwa namna inayofanana, hasa mmea ukiwa kwenye udongo wenye joto kali na kiu. Kwa macho peke yake hata mtaalamu hudanganyika, na dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Kitako kikitia shaka, kipeleke maabara.

Hatua ya 2: Ifichue kuvu iliyojificha

Hapa ndipo wengi huumia. Kuvu za kundi la acutatum zinaweza kukaa juu ya jani la kijani kibichi lisilo na doa hata moja. Spora huota, hujishikiza kwenye ngozi ya jani, na unyevu ukidumu huzaa spora nyingine palepale bila kumwonyesha mkulima dalili yoyote. Mche unaonunuliwa kitaluni ukiwa mzuri wa kupigiwa picha unaweza kuwa umebeba chule ya msimu mzima.

Kuna njia rahisi ya kuiumbua, inayohitaji friza ya kawaida:

Chukua vikonyo vya majani yaliyokomaa kutoka miche kadhaa iliyochaguliwa bila upendeleo. Vioshe kwenye maji ya bomba mpaka udongo utoke wote. Vitumbukize kwa dakika moja kwenye mchanganyiko wa klorini ya kufulia uliozimuliwa hadi takriban asilimia 0.5 ya klorini, kisha visuuze mara mbili kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Viweke kwenye mfuko na uvigandishe usiku kucha. Asubuhi vipange kwenye kontena safi lenye kifuniko, juu ya karatasi ya tishu iliyoloweshwa, bila kugusana na maji yaliyotuama. Funika, weka mahali penye joto la nyuzi 25 hadi 28, na uangalie kila siku kwa muda wa siku tano hadi saba.

Baridi ile huua seli za mmea lakini kuvu hunusurika. Ikikuta tishu zimekufa na hazijitetei tena, huzaa kwa haraka. Ukiona vijivimbe vidogo vyenye utelezi wa chungwa au pinki kwenye kikonyo kilichoingia frizani kikiwa kijani, umepata jibu lako. Hesabu vikonyo vilivyotoa spora, gawa kwa jumla, andika asilimia. Hilo ndilo tarakimu la kwanza la msimu, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko mengine yote, kwa sababu linapatikana kabla miche haijaingia shambani.

Hatua ya 3: Ione ikikua kwenye sahani

Hatua hii ni ya mwenye maabara. Mkulima anaweza kuiruka.

Tengeneza chakula cha kuvu cha viazi na agari: maji yaliyochemshia gramu 200 za viazi, gramu 20 za dekstrozi, gramu 15 hadi 20 za agari, ongeza maji kufikia lita moja, kisha ua vijidudu kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15. Kutoka ukingoni mwa kuvu changa kata kipande cha duara chenye kipenyo cha milimita 5 na ukiweke katikati ya kila sahani, uso wenye kuvu ukitazama chini. Panga sahani tano kwa kila joto: 10, 15, 20, 25, 30 na 35.

Kila siku kwa saa ileile pima vipenyo viwili vinavyokatana kama msalaba, chukua wastani. Chora mistari hiyo miwili chini ya sahani tangu siku ya kwanza ili usipime kila siku mahali tofauti. Kasi ya ukuaji ni tofauti ya kipenyo kati ya siku mbili ikigawanywa kwa idadi ya siku. Tuseme siku ya tatu wastani ulikuwa milimita 27 na siku ya tano ni 42: tofauti ni 15, kwa siku mbili, basi kasi ni milimita 7.5 kwa siku. Tumia siku za katikati tu. Mwanzoni kuvu inazoea chakula, na mwishoni inagonga ukuta wa sahani.

Utakachokiona kwa kawaida: ukuaji ni wa kujikokota kwenye 10, unapanda vizuri kuanzia 20, unafika kileleni karibu na 25 au juu yake kidogo, kisha unaporomoka ukikaribia 35. Kundi la gloeosporioides hukua haraka kuliko la acutatum na huvumilia joto zaidi. Kwenye hadubini, spora za acutatum zina ncha zilizochongoka, za gloeosporioides zimeviringika mwishoni. Kipimo hiki cha spora si hukumu ya mwisho, lakini husaidia sana.

Sasa onyo. Sahani ya maabara ina maji ya kutosha saa 24, chakula kimepikwa, na hakuna mmea wa kujitetea. Inakuonyesha joto ambalo kuvu inaweza kulimudu. Haikuonyeshi ukali wa ugonjwa utakaokuwepo shambani kwenye joto hilohilo. Nimewahi kusoma ripoti iliyochukua kilele cha sahani na kukitangaza kuwa ndiyo siku ya hatari shambani, na mkulima aliyeifuata akanyunyizia dawa kwenye wiki ya jua kali na ukavu, wakati hakuna spora hata moja ingeweza kuota.

Hatua ya 4: Hesabu saa za kulowa

Spora ya chule ikitua juu ya tunda kavu haifanyi kitu. Ikipata maji huota, hutengeneza kitu mfano wa kikombe kidogo cheusi cha kujishikizia, na kutoka hapo hutoboa ngozi. Kazi hiyo inataka muda, na muda unategemea joto. Utafiti wa Wilson, Madden na Ellis uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba maambukizi ya matunda huongezeka kadiri saa za kulowa zinavyoongezeka, na kwamba joto la nyuzi 25 hadi 30 ndilo linalofupisha muda huo kupita jingine. Kwenye joto hilo, saa 13 hivi za kulowa zilitosha kuambukiza matunda mengi. Kwenye baridi, saa zilezile huleta madhara madogo zaidi. Hesabu hiyo ndiyo msingi wa upande wa chule katika mfumo wa kuwashauri wakulima wa stroberi uliojengwa na Chuo Kikuu cha Florida, unaosoma vituo vya hali ya hewa na kumwambia mkulima lini kunyunyizia.

Wewe huna haja ya kituo. Ukiwa nacho kihisio cha unyevu wa jani, kiweke ndani ya kichaka cha majani, kimo cha matunda, kimeinama kidogo kama jani linavyoinama. Kihisio kilichofungwa juu ya nguzo kwenye upepo hukauka mapema sana kuliko matunda yaliyojificha chini.

Usipokuwa nacho, tumia karatasi ya tishu. Nenda shambani kabla jua halijachomoza. Fungua majani ya mmea kwa vidole viwili, polepole, usitikise. Bandika kipande cha tishu kwenye bega la tunda, pale linapokutana na vijani vyake vidogo vya juu, kisha kwenye uso wa chini wa jani la ndani kabisa. Tishu ikibadilika rangi, pamelowa. Rudia kila nusu saa mpaka tishu itoke kavu mahali pote pawili. Mara ya kwanza ukifanya hivi utashangaa: jani la juu limekauka zamani, jua linang'aa, na bado kwenye bega la tunda kuna ukanda mwembamba wa maji. Kuvu inaishi kwa ukanda huo.

Andika saa ya kulowa ilipoanza na ilipokwisha. Umande ukianza saa 2 usiku na matunda yakikauka saa 3 asubuhi, hizo ni saa 13. Pembeni andika wastani wa joto katika saa hizo peke yake, wala usitumie wastani wa siku nzima. Mchana wa nyuzi 31 haukuhusu kama majani yalilowa usiku kwenye 17.

Maswali matatu hujirudia hapa. La kwanza: je, mvua ikikatika saa moja kisha ikarudi, ni vipindi viwili? Mimi hujumlisha kama kimoja pakiwa na mawingu na ukavu haukuzidi saa mbili, maana ndani ya kichaka pengine hapakukauka kabisa. Amua kanuni yako, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, usiibadilishe katikati ya msimu. La pili: umande na mvua ni sawa? Kwa kuota, ndiyo. Kwa kusambaa, hapana kabisa. Spora za chule zimo ndani ya ute, upepo mkavu hauzibebi. Tone la mvua au la mashine ya kunyunyizia maji ndilo linalozipiga na kuzirusha. Kwa hiyo daftari liwe na safu mbili: saa za kulowa, na kama kulikuwa na matone ya kurusha. La tatu ni la umwagiliaji. Miche iliyopandwa mizizi ikiwa mitupu hunyunyiziwa maji kutoka juu mchana kwa siku kadhaa isife kwa kiu. Siku hizo zinaunganisha maji, matone na miche ambayo huenda imetoka kitaluni na kuvu. Ziandike zote. Ukali wa mwezi wa pili baada ya kupanda mara nyingi unaelezwa na wiki ile ya kwanza.

Hatua ya 5: Ambukiza kwa makusudi, mahali pa kujitenga

Usifanye hatua hii karibu na shamba la biashara la mtu yeyote, na tumia kuvu iliyotoka eneo lako mwenyewe. Usiilete spishi ngeni.

Kwenye sahani ya siku 7 hadi 10 mimina maji safi yaliyouawa vijidudu, kwangua taratibu kwa kijiti cha kioo kilichopinda, chuja kwa shashi. Hesabu spora kwenye chemba ya kuhesabia seli chini ya hadubini. Wastani wa spora katika mraba mkubwa mmoja ukizidishwa mara 10,000 ndio idadi katika mililita moja. Ukipata wastani wa 240, una spora milioni 2.4 kwa mililita. Kiwango kinachotumika mara nyingi ni milioni 1, hivyo kwa kila mililita 100 ulizonazo ongeza mililita 140 za maji.

Panga joto nne (15, 20, 25, 30) na muda wa kulowa wa aina nne (saa 6, 12, 24, 48), mimea mitano kwa kila mchanganyiko. Hiyo ni mimea 80. Ongeza mimea ya kulinganishia inayonyunyiziwa maji matupu, na ifunikwe kwa mfuko wa plastiki kwa saa zilezile. Mimea ya kulinganishia ikiachwa kavu, utakapoona majani yamechakaa hutajua kama ni kuvu au ni kufunikwa. Gawa mimea kwa kura, kwa kuwa mkono wa binadamu hupeleka mimea mizuri upande mmoja bila mwenyewe kujua.

Nyunyiza mpaka majani yakaribie kudondosha, funika mara moja, funua saa ikitimia, kausha kwa feni. Dakika za kukausha ni muhimu. Mmea wa "saa 6" uliochukua saa tatu kukauka ni mmea wa saa 9.

Ukiona madoa, tenga tena kuvu kutoka kwenye doa jipya na uilinganishe na uliyoanza nayo. Bila hivyo hujathibitisha kitu.

Hatua ya 6: Toa alama za ukali

Tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Uenezi ni mimea mingapi imeugua. Ukali ni kila mmea umeumwa kiasi gani. Shamba linaweza kuwa na uenezi wa asilimia 90 na bado likavunwa vizuri, na jingine likawa na asilimia 20 ambayo yote ni mimea iliyokufa.

Kwa mmea mzima natumia alama hizi:

0: hakuna dalili.
1: madoa machache kwenye vikonyo, yasiyozidi milimita 3.
2: madoa ya milimita 3 hadi 10, hayajazunguka kikonyo.
3: madoa yaliyopita milimita 10, au yameanza kuzunguka.
4: kikonyo kimoja au zaidi kimezungukwa chote, majani yananing'inia.
5: kitako kimeoza au mmea umekufa.

Kwa matunda usihangaike na alama. Tunda lenye doa moja la chule halifiki sokoni, kwa hiyo hesabu tu yenye madoa na yasiyo na madoa katika kila mchumo.

Jicho la mtu lina tabia moja ya kuirekebisha: madoa mengi madogo huonekana mengi kuliko yalivyo. Jani lenye madoa ishirini ya pini mtu atalikadiria asilimia 25 wakati ukweli ni 3 au 4. Dawa yake ni kuwa na picha za kulinganishia mkononi. Chora majani kwenye karatasi ya miraba, hesabu miraba yenye ugonjwa, tafuta asilimia halisi za 1, 5, 10, 25 na 50, na uzibandike kwenye ubao wa kutembea nao. Mtoa alama awe mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na asijue mmea upi ulipata nini. Mwenzake ndiye ashike orodha.

Pita kila baada ya siku saba, majani yakiwa makavu. Ukipita yakiwa yamelowa, suruali na mikono yako ndivyo vitakavyoongeza ukali unaoupima.

Hatua ya 7: Piga hesabu

Tuseme umeangalia mimea 40: 12 ina alama 0, 10 ina 1, 8 ina 2, 6 ina 3, 3 ina 4, na 1 ina 5. Zidisha kila alama kwa idadi yake, kisha jumlisha: 0 + 10 + 16 + 18 + 12 + 5 = 61. Gawa kwa mimea yote mara alama ya juu kabisa, yaani 40 × 5 = 200. Zidisha kwa 100. Kielezo cha ukali ni 30.5. Uenezi wa mimea hiyohiyo ni 28 kati ya 40, yaani asilimia 70. Ripoti namba zote mbili. Ukitoa moja tu, anayesoma atabaki na picha isiyo kamili.

Kisha iangalie safari yote, maana namba ya siku ya mwisho huficha mengi. Tuta A lilikuwa na kielezo 0, 5, 15 na 40 kwenye siku ya 0, 7, 14 na 21. Tuta B lilikuwa na 0, 25, 35 na 40. Yote yameishia 40. Sasa tafuta eneo chini ya mchoro: kwa kila wiki chukua wastani wa kielezo cha mwanzo na cha mwisho wa wiki, zidisha kwa siku 7, jumlisha. Tuta A: 17.5 + 70 + 192.5 = 280. Tuta B: 87.5 + 210 + 262.5 = 560. Tuta B limebeba ugonjwa mara mbili, na wiki zile mbili za kwanza ndizo zilizokuwa na maua na matunda machanga.

Mwisho weka kielezo cha ukali kwenye karatasi moja na saa za kulowa, lakini saa zitangulie. Madoa ya wiki hii yalinganishe na unyevu wa wiki iliyopita au ya kabla yake. Ukizilinganisha siku kwa siku utaona hakuna uhusiano, na utafikiri kipimo kimekosea.

Hatua ya 8: Zipeleke namba shambani

Kipimo cha frizani kikionyesha kuvu kwenye miche, rudisha miche au itenge. Hakuna dawa ya baadaye inayofidia kuanza na miche yenye chule.

Saa za kulowa zikizidi 12 usiku wa joto, na kukawa na mvua, chukulia kwamba maambukizi yametokea. Dawa za kinga kama kaptani hufanya kazi zikiwa tayari juu ya tunda kabla ya maji, kwa hiyo utabiri wa mvua wa kesho ndio ratiba yako, kuliko kalenda. Dawa za kundi la strobilurini zilitegemewa sana, lakini Florida zimeshapatikana kuvu za kundi la acutatum zenye badiliko la kinasaba la G143A, ambazo dawa hizo haziziui. Usirudie kundi moja mfululizo, soma lebo, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Punguza saa za kulowa kwa mikono yako: mwagilia kwa matone chini ya tuta, na ikibidi maji yatoke juu, yatoke asubuhi ili jua liyamalize. Panua nafasi kati ya mimea, ondoa majani mazee ya ndani. Punguza urushaji pia. Plastiki tupu iliyotandazwa hurusha matone mbali, ilhali matandazo ya nyasi kavu kati ya matuta huyanyonya. Naitrojeni nyingi, hasa ya amonia, hulainisha mmea na kuongeza ukali, basi usiimwage kwa kutafuta majani ya kijani.

Chuma tuta lisilo na ugonjwa kwanza na lenye ugonjwa mwisho. Matunda yenye madoa yatoke shambani kwenye ndoo yenye kifuniko siku hiyohiyo, hata yale yaliyokauka na kusinyaa, kwa kuwa kuvu hukaa ndani yake kwa miezi. Magugu ya kando yang'olewe pamoja nayo, yanaweza kuihifadhi bila kuonyesha doa. Mimea ya alama 4 na 5 ing'oe ikiwa mikavu, ndani ya mfuko uliofungwa palepale kwenye tuta, na uandike namba ya tuta na tarehe kabla hujasogea kwenye mmea unaofuata.